Nyonga Ndiyo Bawaba

Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, karani katika duka moja la jumla mjini Mombasa, mwenye kiburi cha nguvu kama walivyo vijana wa umri ule, niliona gunia la mchele la kilo 50 limeachwa mlangoni likizuia njia, nikasema moyoni mwangu kuwa kumngoja hamali kwa kazi ndogo kama ile ni uvivu. Basi nikaliinamia kwa miguu iliyonyooka kama milingoti, nikalishika kwa ncha za vidole, nikalivuta. Gunia liliinuka kiasi cha shibiri moja, kisha kitu kiunoni kikakaza kama kamba iliyoroa maji, nikabaki pale pale nimepinda mfano wa ndoana, sipandi wala sishuki, jasho likinitiririka, na wateja wakinitazama kwa huruma iliyochanganyika na kicheko.

Aliyenitoa katika fedheha ile ni mzee mmoja aliyefanya ukuli Kilindini kwa sehemu kubwa ya umri wake, na ambaye siku zile alikuwa akishinda barazani kwetu kwa kahawa na mazungumzo. Alinishika mabega, akanikalisha juu ya gunia lile lile lililonishinda, akaniacha nipumue, kisha, pasipo kuniuliza naumwa wapi, akaniuliza, "Mwanangu, wewe wasali?" Nikamjibu kwamba nasali. "Basi rukuu waifanya kwa kiungo gani?" Sikuwa na jawabu. Akasimama, akaweka ubavu wa kiganja chake pale paja linapokutana na tumbo, akainama polepole mpaka mgongo wake ukawa sawa kama meza, na kile kiganja kikabanwa katika mkunjo kama karatasi iliyobanwa na mlango. "Hapa," akasema, "hapa ndipo Mola alipotia bawaba. Wewe umekunja ubao."

Maneno yale nimeyachukua miaka mingi, na niliyoyasoma baadaye katika vitabu vya matabibu hayakuyatangua, bali yaliyapambanua tu. Uti wa mgongo una pingili 33: saba za shingo, kumi na mbili za kifuani ambazo ndizo zishikazo mbavu, tano za kiunoni, na zilizosalia chini yake zimeshikamana mpaka kwenye kifandugu. Baina ya pingili na pingili, isipokuwa chache, kuna kikalio cha gegedu kiitwacho diski, na kila kiungo miongoni mwa hivyo hupinda kidogo tu, kwa hisani, kama vile jamaa wengi wanavyochanga senti chache chache hata arusi ikatimia. Nyonga si hivyo. Hapo kichwa cha mfupa wa paja kimeviringana kama tufe, kimekaa ndani ya kikombe, kikazungukwa na misuli ya matako, ambayo ni mikubwa kuliko misuli mingine yote ya mwili. Na kiungo kilichopewa nafasi kubwa hivyo ya kuzunguka na nguvu kubwa hivyo ya kukizungusha, ni dhahiri kwamba kazi yake ni kuinama na kuinuka. Ajabu ni kwamba wengi wetu, tukitakiwa kuokota ufunguo ulioanguka, huiacha bawaba ile imelala, tukazibebesha pingili tano za kiuno kazi isiyokuwa yao.

Ukitaka kuijua bawaba yako, usianze na mzigo. Anza na mpini wa ufagio. Uweke mgongoni kwa urefu, mkono mmoja ukiushika nyuma ya shingo na mwingine nyuma ya kiuno, hata mpini uguse mahali patatu: kisogoni, baina ya mabega, na kwenye mfupa ulio juu ya matako. Legeza magoti kidogo, kisha yasukume makalio nyuma, kama mtu anayefunga mlango wa kabati kwa makalio kwa sababu mikono yake imeshika sinia ya vikombe. Kifua kitashuka chenyewe, usikishushe wewe. Pale ambapo mpini utaachana na mojawapo ya zile sehemu tatu, hapo ndipo mwisho wa rukuu yako kwa leo, hata kama ni nusu tu ya safari, na ule mvuto utakaousikia nyuma ya mapaja ni alama kwamba mlango umefunguka mahali pake. Asiyeweza kuipata hisia hii na asimame akiupa ukuta mgongo, umbali wa shibiri moja, autafute ukuta kwa makalio bila ya kuusogelea kwa miguu, na akiufikia asogee mbele vidole viwili, autafute tena. Mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, kwa muda wa majuma mawili, zatosha kwa wengi kuigeuza kuwa ada.

Kosa ambalo nimeliona mara nyingi kwa wanafunzi wa jambo hili ni kukunja magoti kupita kiasi, mtu akawa kama anayekaa kitako juu ya kiti kisichokuwapo. Huko ni kuchuchumaa, nako ni kuzuri kwa mahali pake, lakini si rukuu. Na hapa sharti niseme kwamba ule wasia ulioenea makazini, wa kwamba mtu ainue kwa magoti na asiinue kwa mgongo, ni nusu ya ukweli. Kwa maana mzigo mpana hauingii baina ya magoti, na anayechuchumaa mbele ya kasha kubwa huyaleta magoti yake mbele, kasha likazidi kuwa mbali naye, na umbali ndio adui.

Umbali huo una hesabu yake, na hesabu yenyewe ni ya mizani ya mikono miwili isiyolingana. Misuli inayouvuta mgongo usimame iko nyuma ya pingili, karibu sana nazo, kadiri ya sentimita tano. Mzigo uko mbele. Ukiwa umeshika ndoo ya kilo 20 umbali wa sentimita 50 kutoka kiunoni, mkono wa mbele wa mizani umekuwa mara kumi ya mkono wa nyuma, kwa hiyo misuli ile inalazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 200 ili mizani isianguke, kabla hujatia hesabuni uzito wa kifua na kichwa chako mwenyewe, navyo pia vimening'inia mbele. Ivute ndoo ile hata ibaki sentimita 25, na nguvu inayotakiwa inakuwa kilo 100. Nusu nzima imeondoka, wala hukuongeza hata chembe ya nguvu. Ulilofanya ni kukubali kanzu yako ichafuke. Yule mzee alikuwa akisema kwamba kuli anayeogopa vumbi hafiki uzeeni.

Basi ukiuendea mzigo, usimame juu yake mguu mmoja ukitangulia mwingine kidogo, unyayo mzima ukiwa chini, upige rukuu, uushike kwa viganja, si kwa vidole, uuvute ugusane na mapaja, ndipo uisukume ardhi kwa miguu, kana kwamba wewe hukuinua gunia bali umeisukuma dunia chini. Pumzi itoke wakati wa kuinua. Wale waliokuwa wakiitana kwa sauti moja "Haraaa-mbee!" walipokuwa wakivuta chombo au kunyanyua boriti, hawakuwa wakijifurahisha tu, kwa sababu huwezi kupaza sauti bila ya kutoa pumzi, wala hamuwezi kuitikia pamoja msiinue pamoja. Ukisha kunyooka na unataka kugeuka, geuza nyayo. Kukipinda kiuno huku miguu imekazwa mahali pake ndiko kunakowaangusha hata wenye misuli.

Wala sisemi haya ili kumbebesha mchukuzi lawama zote. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa ndio upeo wa mzigo wa kubebwa kwa mikono na mwanamume mtu mzima, na wataalamu wa serikali ya Marekani, walipoirekebisha hesabu yao ya kuinua mwaka 1991, walikiweka kiasi chao kwenye kilo 23, tena kwa mzigo ulio karibu, wenye mishikio, usiokuwa chini ardhini. Ilhali gunia la kahawa katika biashara ya dunia ni kilo 60. Kumwambia hamali akunje nyonga vizuri, na gunia lenyewe limepita kiasi tangu kushonwa kwake, ni dhihaka. Uchunguzi uliofanywa makazini umeonyesha mara nyingi kwamba mafunzo ya kuinua, yakiwa peke yake, hayapunguzi sana maumivu ya mgongo. Kinachosaidia zaidi ni kuipunguza kazi yenyewe ukali: watu wawili kwa mzigo mmoja, mkokoteni, na gunia kuwekwa juu ya jukwaa lenye kimo cha goti badala ya kutupwa sakafuni.

Hili la kuipandisha kazi imfikie mtu, badala ya mtu kuishukia kazi, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Katika mashamba ya California, vibarua, aghalabu wenye asili ya Meksiko, walilazimishwa kwa miaka mingi kupalilia kwa jembe lenye mpini mfupi mno, waliloliita kwa Kihispania *el cortito*, na wasimamizi walilipenda kwa sababu kibarua aliyenyoosha mgongo alionekana kwa mbali kuwa hafanyi kazi. Mwaka 1975, baada ya shauri kufika Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, jembe lile likapigwa marufuku, na mboga hazikuacha kuota. Sasa na tutazame nyumbani mwetu. Karai la kufulia liko chini, na lingeweza kukaa juu ya benchi. Mbuzi ya kukunia nazi ina kimo cha shibiri moja, na mwenye kuikalia hujikunja kama kamba wa baharini. Akiiweka juu ya gogo imara, au akikaa mbele zaidi ukingoni, akapanua magoti, akakiendea kile chuma kwa nyonga, nazi itakunika vile vile. Fagio la chelewa nitalirudia.

Kuhusu kubeba kichwani, nimesikia watu wa mjini wakilidharau jambo hili, na wengine wakilisifu kupita mipaka, nami natamani tuwe na itidali. Mwaka 1986 jarida la *Nature* lilichapisha uchunguzi wa Maloiy na wenzake juu ya wanawake wa Kenya, Waluo waliobeba vichwani na Wakikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso, na ikadhihirika kwamba waliweza kubeba mzigo wa kadiri ya sehemu moja katika tano ya uzito wa miili yao bila ya kuongeza matumizi yao ya pumzi, jambo ambalo watu wengine wenye mizigo mgongoni hawakuliweza. Miaka tisa baadaye ikaelezwa kwamba siri imo katika mwendo: mtu atembeapo hupanda na kushuka mfano wa timazi la saa ya ukutani, na wanawake wale walipokuwa na mzigo, nguvu walizozipoteza katika kupanda na kushuka huko zilipungua. Uchunguzi wa baadaye Afrika Kusini ulionyesha kwamba watu hutofautiana sana katika hili, na shingo nyingi za wabebaji huuma. Kwa hiyo simshauri karani wa miaka arobaini ajitwike mtungi kesho. Lakini namshauri afanye hivi: akunje leso, aifanye ngata, aweke juu yake kitabu kizito, atembee ukumbini dakika tano akiwa anatazama mbele. Ataona jinsi kidevu kinavyorudi nyuma chenyewe, kisogo kikapanda, na hatua zikawa fupi na tulivu. Atakuwa amejifunza kusimama bila ya kuamriwa na mtu kutoa kifua kama askari wa gwaride, amri ambayo huwapinda watu kiuno kwa upande wa pili.

Ya kukaa nitayapita upesi, kwa kuwa yamesemwa mno na mengi katika hayo ni ya kuwauzia watu viti. Hakuna mkao mmoja uliokamilika. Diski za mtu mzima hazina mishipa yake ya damu. Hulishwa kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo, na mwenye kutulia saa tatu mbele ya cherehani au meza ya hesabu, hata akinyooka kama mnara, amezinyima chakula. Inuka kila nusu saa, ukamwage maji, ukatazame dirishani, ukarudi. Simu yako ya mkononi iinue iyafuate macho. Kichwa cha mtu kina uzito wa kilo tano hivi, na shingo iliyoinama inaubeba kwa mizani ile ile ya mikono isiyolingana tuliyokwisha kuihesabu.

Wala sitaki msomaji aondoke akiuogopa mgongo wake, akawa anainuka kitandani kama mtu aliyebeba mayai. Mgongo si kioo. Ni wa kupindwa, na mtoto anayejikunja kucheza gololi hajikoseshi siha. Linalodhuru ni uzito au wingi ambao mwili haujauzoea, na dawa ya jambo hilo ni kuuzoeza. Nguvu huja kwa daraja. Shirika la Afya Duniani, katika muongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila juma, na siku mbili au zaidi za kuitia misuli nguvu, na wazee waongeze mazoezi ya mizani ya mwili. Nayo yote yaweza kufanywa uani bila ya kununua chochote. Kaa kwenye kiti, inuka bila ya kutumia mikono, mara nane au kumi, pumzika, rudia mara mbili. Usukume ukuta kwa viganja, na ukuta ukiwa mwepesi, usukume ukingo wa meza nzito. Beba ndoo mbili za maji zilizolingana, moja kila mkono, ukizunguka uwanja, kwani ndoo moja humpinda mtu upande. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, mkono mmoja ukiwa karibu na ukuta. Ikiwa juma hili umeyaweza yote kwa raha, juma lijalo ongeza kidogo. Ikiwa kesho yake mwili umechoka kwa uchovu wa kawaida, si neno. Ikiwa umeuma kwa maumivu makali, rudi daraja moja nyuma.

Na msiutupe mkeka. Mwaka 2012 matabibu wa Rio de Janeiro, akiwamo Claudio Gil Araújo, walitoa habari za watu 2,002 wa umri wa miaka 51 hadi 80, ambao kila mmoja alitakiwa akae sakafuni na kuinuka, akipewa alama kumi na kupunguziwa moja kila alipoegemea kwa mkono au goti. Na waliopata alama chache walikufa kwa wingi zaidi, mara kadhaa, katika miaka michache iliyofuata kuliko waliopata nyingi. Haina maana kwamba kukaa chini hurefusha umri. Maana yake ni kwamba kuinuka kutoka chini ni kioo kinachoonyesha nguvu za miguu, ulaini wa viungo na mizani ya mwili kwa pamoja. Mwenye kusali hupita katika kioo hicho mara nyingi kila siku, na aliyehamia sofani moja kwa moja amekigeuza kikatazama ukutani. Tena kule kusimama sawa baada ya rukuu, kila kiungo kikatulia mahali pake, ndiko kunakoitwa itidali, na wengi wetu huko ndiko tunakoharakisha, ilhali ndiko mwili unakokumbuka kimo chake.

Sharti nitoe hadhari moja. Maumivu mengi ya kiuno hupungua katika majuma machache, na kuendelea kutembea ni bora kuliko kulala. Lakini mwenye kusikia ganzi baina ya mapaja, au mguu unaolegea, au haja inayomtoka asipotaka au isiyotoka akitaka, asingoje kuchwa, aende hospitali. Kadhalika mwenye maumivu yaliyofuata kuanguka, au yanayokuja pamoja na homa au kukonda kusikojulikana sababu, hayo si ya mpini wa ufagio.

Nilisema nitalirudia fagio. Mama yangu mzazi alifagia ua wetu maisha yake yote kwa fagio fupi la chelewa, mkono mmoja ukifagia na mwingine umewekwa juu ya kiuno kinachouma, nami, baada ya kuerevuka kwa elimu yangu ya bawaba, nikalifungia mpini wa dhiraa mbili na nusu, nikampelekea kwa madaha. Alilitazama kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemtaka. Siku tatu alilitumia kwa kunifurahisha. Siku ya nne nikakuta mpini umekatwa katikati. "Pembeni halifiki hilo lako," akasema, na kweli halikufika. Katikati ya ua alikuwa akipiga rukuu nzuri kushinda yangu, mgongo sawa, mguu mmoja mbele. Na alipofika kwenye pembe alitupa kipande cha mkeka, akapiga goti moja juu yake, akafagia, kisha akainuka bila ya kushika kitu. Nikamwuliza nani aliyemfundisha kuinuka vile. Akanijibu kwamba hana wakati wa maswali, nisogeze mguu wangu apite.